Barua za Wasomaji: "Nimesomea akiolojia, kazi iko wapi?"

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja, ajira katika akiolojia (elimu ya masalia ya watu wa kale) na fani za jirani yake, nami nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko kawaida yangu, kwa sababu najua aliyeiandika hayuko peke yake.

Shikamoo Mama. Nina miaka 26, naishi Ujiji. Nilimaliza shahada ya akiolojia miaka miwili iliyopita. Tangu hapo nimeomba kazi serikalini mara kumi na moja, nikaitwa kwenye usaili mara moja tu, Dodoma, tukiwa umati wa watu kwa nafasi mbili. Sasa namsaidia mjomba dukani, tunauza saruji, nondo na mabati. Majirani wananiuliza kama nilikwenda chuo kikuu kusomea kuchimba mitaro. Baba anataka nirudi nikasome ualimu. Je, miaka yangu mitatu imepotea? Kazi zetu ziko wapi?
— Mhitimu, Ujiji

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na hapo kwenye mitaro nilinyamaza kidogo. Nitakujibu kama ningemjibu mtoto wangu wa kumzaa.

Tuanze na hesabu. Makumbusho ya Taifa ina vituo vichache: Dar es Salaam, Arusha, Songea, Butiama. Nafasi hupatikana mtu akistaafu, akihama au akifariki. Ukitegemea hapo tu, utasubiri sana. Ila wapo waajiri wa umma ambao wahitimu wetu hawawafikirii kabisa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako chini ya TAWA, watu wa wanyamapori. Magofu ya Kaole, karibu na Bagamoyo, yako chini ya TFS, watu wa misitu. Kimondo cha Mbozi kinatunzwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ile ile yenye Oldupai na Laetoli. Mhitimu wa akiolojia akiona tangazo la taasisi ya misitu, analipita bila kulisoma. Wewe lisome mpaka mwisho, utafute neno "malikale", yaani vitu na maeneo ya kale.

Lakini nikihesabu siku nilizolipwa maishani mwangu, nyingi hazikutoka serikalini wala makumbusho. Zilitoka kwenye barabara, mabomba na nguzo za umeme.

Nilimaliza chuo mwaka 1996. Miezi minane ya kwanza nilikaa kwenye stoo ya vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, naosha, naandika namba kwa wino mweusi, napanga kwenye mifuko, kwa posho ya nauli na chakula cha mchana. Baadaye nilifuatana na watafiti wa nje wakati wa kiangazi, miezi miwili kazini, kumi nyumbani. Mama yangu alikuwa akiniuliza kwa upole kama "hayo mambo ya vyungu" yatakwisha lini.

Mwaka 2006, siku ya Alhamisi, nikapigiwa simu na kampuni ya washauri elekezi wa mazingira. Walikuwa na barabara ya kilomita 84 kusini, inataka kupanuliwa. Walihitaji mtu wa malikale atembee mkuza wote, ule ukanda itakamopita barabara, kwa siku tisa. Sikujua kwa nini wananihitaji, nikaenda kwa sababu kulikuwa na malipo.

Sababu nimeielewa nikiwa njiani. Tangu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mradi mkubwa hauruhusiwi kuanza mpaka ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini iliyo kamili haiangalii miti na maji tu. Huangalia pia makaburi, mahali pa matambiko, magofu na masalia yaliyolala ardhini. Benki ya Dunia ikitoa mkopo inadai jambo hilo hilo kwa maandishi yake yenyewe, kwenye kiwango chake namba 8. Kwa hiyo katika timu ile, pamoja na mtu wa ndege, mtu wa mimea, mtu wa udongo na mtu wa jamii, ilibidi awepo mtu kama mimi na wewe.

Siku ya nne tulifika chini ya mbuyu, hatua chache kutoka barabara ya zamani. Mvua ilikuwa imechimbua mizizi, na katikati yake kulikuwa na vigae. Nikaokota kimoja, nikakifuta kwa kanga: mistari iliyochorwa kwa pembetatu shingoni mwa chungu. Unaijua mistari hiyo, umeisoma darasani. Ni ya watu walioishi huku zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Bibi mmoja mwenye shamba alikuwa akituangalia. Akatuonyesha kando ya mbuyu makaburi saba. Mawili yalikuwa na mawe, matano hayakuwa na alama yoyote, ila yeye aliyajua kwa majina ya waliolala humo.

Jioni nikamkuta mhandisi, kijana, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Nikaanza kumweleza kuhusu vigae. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza, "Dada, nisogeze mita ngapi?"

Swali hilo ndilo lililonipa kazi mpaka leo. Nilirudi pale asubuhi na kifaa cha GPS, nikazunguka makaburi na eneo la vigae, nikapata jibu: mita 40 upande wa mashariki. Akachukua penseli, akahamisha mstari kwenye ramani mbele ya macho yangu. Bibi yule makaburi yake yapo mpaka sasa.

Mwanangu, chuoni hukufundishwa kujibu "mita ngapi", nami sikufundishwa. Ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa 61, nyingi zikiwa habari za vyungu, na mapendekezo nimeyaweka ukurasa wa 58. Kiongozi wa timu aliirudisha. Alitaka ukurasa mmoja wa mbele: nini kipo, kipo wapi, kina uzito gani, mradi ufanye nini. Hayo mengine yabaki nyuma kwa anayetaka kuyasoma. Ukiweza kuandika ukurasa huo mmoja bila kuusaliti ukweli wa kile ulichokiona ardhini, utaitwa tena.

Usidhani ni kazi ndogo kwa sababu inaanza na barabara. Zile nyayo mpya za Laetoli zilizotangazwa mwaka 2016 zilipatikana namna hiyo hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Profesa Fidelis Masao na Dkt. Elgidius Ichumbaki, walikuwa wakichimba mashimo ya majaribio kuangalia kama jengo la makumbusho lililopendekezwa litaharibu chochote. Kumbe chini kulikuwa na nyayo za viumbe wawili waliotembea pale miaka milioni 3.66 iliyopita, umbali wa kama mita 150 kutoka zile alizozichimbua Mary Leakey na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1970. Fikiria kama jengo lingeanza bila mtu kupima kwanza.

Nimeona pia upande wa pili. Kwenye mradi mwingine niliweka alama kwenye eneo lenye mavi ya chuma, takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, na tanuru la kuyeyushia, nikaandika lisiguswe. Niliporudi baada ya miezi mitano, mkandarasi alikuwa amefungua machimbo ya moramu pale pale. Vipande vya tanuru nilivikuta vimemwagwa barabarani na kushindiliwa. Nililia, sikuona aibu. Tangu siku hiyo kila ripoti yangu inadai vitu viwili: mtu wa malikale awepo wakati ardhi inafunguliwa, na madereva wa katapila wafundishwe nini cha kufanya wakiona mfupa, kigae au jiwe lililochongwa. Kuwepo hapo na kufundisha hapo ni kazi, inalipwa kwa siku, na ndiyo inayowafaa vijana wa umri wako.

Sasa tuje kwako. Uko kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wakandarasi, mafundi na wasimamizi wa miradi wanapita mbele ya meza yako kila siku, na reli ya kisasa ya kutoka Tabora inajengwa kuja huko huko Kigoma. Unawauzia nondo, waulize ni nani aliyewafanyia tathmini ya mazingira. Jina la kampuni hiyo ya ushauri liandike. Ukipata matano, unayo orodha ambayo hakuna tovuti itakayokupa.

Usiende kwao na cheti peke yake. Nenda na kazi. Umezaliwa mahali penye utajiri: Uvinza watu wamechemsha chumvi zaidi ya miaka elfu moja. Ujiji kwako ni kituo cha njia kuu ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ile ambayo Tanzania imeipeleka kwenye orodha ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa. Kusini yako, Ufipa, kuna malungu, matanuru marefu ya kuyeyushia chuma. Chagua kipande kimoja, kama mtaa wa zamani wa Ujiji. Tembea, ongea na wazee, piga picha, weka alama kwenye ramani. Usichimbe: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali, na jina lako ukilichafua mwanzoni halitasafishika. Juu ya ardhi tu panakutosha. Programu ya ramani ya QGIS ni ya bure, na mafunzo yake yapo mtandaoni. Jioni zako za miezi mitatu zinatosha kuifahamu. Kisha andika kurasa sita, ukurasa wa kwanza ukiwa ule wa "mita ngapi". Hizo kurasa sita ndizo utakazoziweka mezani kwa mshauri elekezi.

Katika matangazo ya kazi tafuta majina mengine pia: mtaalamu wa urithi wa utamaduni, afisa mahusiano ya jamii, msaidizi wa kazi za fidia na makazi mapya. Anayetangaza hajui kwamba anakutafuta wewe. Mweleze kwenye barua.

Kuhusu ualimu, baba yako hajakosea kukuwazia. Kama unapenda watoto, stashahada ya uzamili ya elimu ni njia nzuri, na sasa shule zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalohitaji mtu aliyewahi kushika kigae kwa mkono wake. Kama huwapendi, usiende. Watoto watajua wiki ya kwanza.

Miaka yako mitatu haijapotea. Niandikie ukimaliza zile kurasa sita, nitazisoma.

Dada, habari za kazi. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kafaulu vizuri. Mimi na mama yake tunataka asome sheria. Yeye kang'ang'ania anthropolojia. Nimejaribu kuuliza watu hapa Mbeya, hakuna anayeweza kuniambia mtu wa anthropolojia anafanya kazi gani. Nisaidie niongee naye nikiwa najua.
— Baba wa binti, Mbeya

Kaka yangu, nzuri, asante kwa kutaka kujua kabla ya kukataza.

Nikupe mfano mmoja ambao wewe kama mzazi utauelewa. Degedege unaijua. Miaka ya 1990 watafiti waliokaa na akina mama wa wilaya ya Bagamoyo waliona jambo lililokuwa likiua watoto. Mtoto akiwa na homa ya kawaida, mama alimpeleka zahanati. Akishikwa na degedege, ambayo daktari anaiona kuwa dalili ya malaria kali, familia nyingi zilimpeleka kwa mganga kwanza, kwa sababu degedege ilihesabiwa kuwa ni ugonjwa mwingine kabisa, wa kuletwa na shetani, na wapo walioamini sindano ingemuua mtoto. Wizara ingeweza kubandika mabango ya malaria kila ukuta, na mama yule asingeona kwamba yanamhusu, kwa kuwa mwanawe haumwi malaria, anaumwa degedege. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1996. Ili kuyapata ilibidi mtu akae mkekani, asikilize, asicheke, aulize tena. Huo ndio ufundi wa anthropolojia.

Ndiyo maana taasisi za utafiti wa afya, kama ile ya Ifakara na ile ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, zina watu wa sayansi za jamii. Ebola ilipoenea Afrika Magharibi mwaka 2014, watu walikuwa wakificha maiti kwa sababu timu za mazishi ziliwazika ndugu zao bila sala na bila kuwaaga. Wanaanthropolojia walisaidia kutengeneza utaratibu wa mazishi salama yenye heshima, na Shirika la Afya Duniani likautoa Novemba mwaka huo. Kule Kivu, kwenye mlipuko wa 2018 hadi 2020, walikuwa sehemu ya kazi tangu mapema.

Kazi nyingine iko kwenye ardhi. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina kilomita 1,443, sehemu kubwa ikiwa upande wetu. Mkuza wa namna hiyo hupita kwenye makaburi, na kaburi haliondoki kwa sababu tu Sheria ya Uhamishaji wa Makaburi ya mwaka 1969 ipo. Lazima ajulikane nani wa ukoo mwenye haki ya kukubali, tambiko gani linafanywa, nani anashika jembe la kwanza. Nimekaa vikao vya namna hiyo. Nimeona kikao kikivunjika kwa sababu mgeni alimwuliza mtoto wa marehemu mbele ya baba yake mkubwa. Aliyekirudisha kikao kile alikuwa binti wa anthropolojia, umri wa miaka 27, aliyejua aanze kwa kumwamkia nani.

Lakini sitakudanganya, kaka. Miaka miwili au mitatu ya mwanzo itakuwa ya mikataba ya miezi, dodoso, kusafiri kwa basi la usiku, na wakati mwingine kukaa bila kazi. Mshahara wa kila mwezi huchelewa. Mwambie hilo wazi. Na mwambie asitoke chuo bila takwimu. Wanaokosa kazi kwenye fani hii mara nyingi ni wale waliokimbia hesabu. Kama atapenda kukaa karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Iringa kimefundisha anthropolojia ya utamaduni pamoja na utalii, na pale mjini akatazame Boma la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho. Dar es Salaam nako idara ipo, pamoja na sosholojia.

Sheria ni fani nzuri. Muulize tu anasoma nini akiwa peke yake, kitabu ambacho hakuna mwalimu aliyemwagiza. Msikilize mpaka amalize.

Asalaam aleikum bi mkubwa. Mimi ni fundi wa chokaa hapa Lamu, miaka 41, nimefunzwa na babangu. Sina digrii, shule niliishia darasa la nane. Naona wasomi wakija kutengeneza nyumba za kale, nasi tunaitwa kubeba mawe. Je, mtu kama mimi ana nafasi katika kazi hizi, ama ni za wenye vyeti?
— Fundi, Lamu

Waaleikum salaam ndugu yangu fundi. Nafasi unayo, tena ni kubwa kuliko ya wengi wenye vyeti.

Marehemu Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzako, alianza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey, familia ya watafiti wa binadamu wa kale, huko Oldupai mwaka 1960. Hakuwa na shahada. Mwaka 1984, karibu na Ziwa Turkana, ndiye aliyekiona kipande cha kwanza cha fuu la yule kijana wa Nariokotome, mifupa iliyokaribia kukamilika ya kiumbe wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Jicho lake lilikuwa limezoea ardhi.

Wewe mkono wako umezoea chokaa. Nyumba ya matumbawe ikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hula jiwe, ukuta hubomoka kuanzia ndani huku nje unang'aa. Hilo wewe unalijua kwa kugonga ukuta na kusikiliza. Kilwa iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2004, ikatoka 2014, na kuta zile zilisimamishwa na mafundi wanaojua chokaa. Lamu, Mombasa, Unguja, Bagamoyo, kote huko wanatafutwa, na wazee wanapungua.

Kinachokukosesha heshima ni kwamba kazi yako haijaandikwa popote. Anza leo. Nunua daftari. Kila nyumba andika tarehe, mtaa, ukuta upi, chokaa kiasi gani kwa mchanga kiasi gani, ulikiloweka siku ngapi, boriti zilikuwa za mti gani na ulizibadilisha ngapi. Andika kwa Kiswahili chako cha Kiamu, ndicho chenye majina sahihi ya vitu hivyo. Mchukue kijana mmoja, umfunze ukimwandika na yeye. Baada ya nyumba tatu au nne, peleka daftari hilo na picha kwenye ofisi ya Makumbusho ya Kenya hapo Lamu, uombe kuwekwa kama fundi wa uhifadhi na si kama kibarua wa siku, na useme malipo yako mwenyewe kabla hawajakutajia ya kwao.

Na simu yako iwe na chaji: picha ya kwanza ipigwe kabla hujagusa ukuta.